Nyusi za Mpima Masikio

Mtihani ulimshinda kwa sababu ya nyusi zake.

Vitabuni hakuwa na mpinzani. Alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili ya upimaji wa usikivu, na kilichobaki kilikuwa mtihani wa vitendo. Wakampa fundi cherehani wa kumpima, mzee wa miaka sitini na tisa. Mzee aliketi ndani ya kile chumba kidogo chenye kuta nene kisichopitisha sauti, hedifoni masikioni, kitufe mkononi. Kazi yake ilikuwa moja: akisikia mlio, hata uwe mwembamba kama wa mbu wa chumba cha pili, abonyeze. Mwanafunzi alikaa nje, nyuma ya kioo, akituma milio.

Mzee hakukosa hata mmoja. Chati ikatoka safi kama ya kijana wa miaka ishirini.

Mwalimu wa kliniki, mama asiyepoteza maneno, akachukua faili akaliegemeza kwenye kioo, kati ya uso wa mzee na wa mwanafunzi. "Tuma tena."

Akatuma. Kimya. Akaongeza sauti. Kimya.

"Masikio ni yale yale," mwalimu akasema. "Ila sasa hakuoni. Kila ukituma mlio unapandisha nyusi. Umempima macho."

Kuanzia siku hiyo wenzake wakamwita Nyusi. Alipewa wiki sita kujirekebisha. Akishindwa tena, arudie mwaka mzima.

Nyumbani, mama yake akajitolea kuwa mgonjwa. Aliketi mezani jikoni na sufuria tupu na mwiko. Nyusi akakaa mbele yake na rimoti mbovu ya televisheni, akiibonyeza kana kwamba anatuma milio. Sheria ilikuwa rahisi: mama akiona dalili yoyote usoni, agonge sufuria.

Ngo!

"Mama, sijabonyeza bado!"

"Nyusi zimebonyeza."

"Hazijabonyeza!"

"Mwanangu, nyusi hizo nimezizaa mwenyewe. Ulipokuwa ukiiba sukari, zilikuwa zinakiri kabla yako."

Kaka yake, aliyekuwa akipita na taulo begani, akashauri plasta. Wakambandika moja kubwa kwenye paji la uso. Mlio wa tatu, plasta ikabanduka upande mmoja ikabaki inaning'inia, na mama akacheka mpaka mwiko ukamdondoka. Mazoea yana taabu.

Lakini wiki ya tano mama alikaa nusu saa nzima, mwiko hewani, sufuria haijalia. "Sasa unachosha," akasema, akainuka kwenda kuosha vyombo. Nyusi hakuwahi kusifiwa vizuri zaidi.

Siku ya marudio akaletewa fundi yule yule, kwa kuwa vipimo vyake vya kwanza vilifutwa. Safari hii alikuja na mkewe. Nyusi alipomvalisha hedifoni, mzee akamnong'oneza, kwa mnong'ono wa mtu asiyejisikia, yaani kwa sauti ya kuamsha jengo:

"Mwanangu, mara ile nilikuponza. Leo usiwe na wasiwasi. Nitabonyeza mpaka wakupe cheti!"

Nyuma yao mwalimu akaandika kitu.

Nyusi akafunga mlango mzito, akaketi, akaanza. Uso wake ulitulia kama maji ya mtungini. Taa ya kitufe mezani pake ikawaka. Ikawaka tena. Mara ya tatu ikawaka wakati hajatuma chochote.

Saa ya mtihani ilikuwa inakwenda. Hata hivyo aliinuka, akafungua mlango, akachuchumaa mbele ya mzee ili amwone midomo.

"Baba, mteja akivuta tumbo ndani unapompima kiuno, ili akufurahishe, suruali itamtosha?"

"Itampasukia harusini!"

"Basi usinivutie tumbo. Ukinisaidia, unaniangusha."

Mzee akacheka, akaapa hatarudia. Kule kwenye benchi mkewe naye akacheka. Nyusi akakigeuza kiti, mzee akatazama ukuta, na kazi ikaanza upya.

Chati ilitoka mbaya na ya kweli: milio minene anaisikia, mstari wa ile myembamba ukishuka ngazi kwa ngazi hadi chini kabisa. Mwalimu akaegemeza faili lake kwenye kioo, akaomba milio sita irudiwe. Majibu hayakutofautiana hata kidogo. Akatia saini.

"Sasa unaweza kuzipandisha," akasema.

Zikapanda zenyewe, zote mbili.

Wiki mbili baadaye mzee alirudi na mkewe kuvalishwa vifaa vya kusikia. Nyusi alipoviwasha, mzee akatoa mkasi mfukoni na kipande cha kitambaa, akakata taratibu, kichwa kimeinama.

"Kumbe mkasi wangu unaongea!"

"Na mimi, miaka kumi yote ya uziwi wako, nilikuwa nafanya nini?" mkewe akauliza.

"Wewe," mzee akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa, "nilikuwa nakusoma nyusi."