Ng'ombe wa Masele

Teodora, fundi cherehani wa Kiseke, alikuwa na miaka arobaini na sita mama yake alipomtajia baba yake kwa mara ya kwanza, tena akiwa taabani kitandani: Masele, kijana wa jeshi, alikwenda vita vya Kagera na hakurudi. Keshokutwa yake mama akafa. Watu wengine bwana, hukalia jambo maisha yao yote, kisha hukuachia kipande tu ukahangaike nacho.

Matanga yalipoisha akaanza kutafuta. Mzee Nathaniel wa Butimba, aliyekuwa kikosi kimoja na Masele, alimweleza kwamba marehemu alizikwa Kaboya, kwenye makaburi ya wanajeshi wa vita ile, na kwamba kwao ni Kayenze, kando ya ziwa. Teodora alianzia Kaboya. Alisimama mbele ya jina la baba yake akangoja machozi, hayakuja. Akarudi Mwanza kushona sare za shule.

Kayenze alimkuta Sabina, dada wa Masele, akianika dagaa. Sabina alimtazama, akaketi palepale mchangani. Paji lile la uso halikuhitaji maelezo.

"Kaka alikufa hajatoa ng'ombe wa mahari kwa kina mama yako," alisema. "Kwa hiyo kwa mila zetu wewe ni mtoto wa wajomba zako. Ndugu zangu wako tayari kumtolea, uwe wa kwetu. Marehemu hutolewa mahari na ndugu zake. Aliye hai hutoa mwenyewe."

"Si alikufa, shangazi?"

"Mama yetu, bibi yako, hakubali. Waliomletea taarifa aliwafukuza, na matanga hatujakaa mpaka leo. Bila yeye kukubali, hakuna atakayethubutu kutoa hata ndama. Sisi tumeshindwa. Wewe umeliona kaburi, mwambie."

Teodora alikubali. Aliona si kazi kubwa. Tangu amzike mama yake hakuna kilichomgusa, na neno lenyewe ni moja.

Bibi alikuwa kizingitini akimenya karanga, macho yamemfifia. Teodora alipiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sogea."

Kikongwe alimpapasa uso taratibu, kuanzia kwenye paji. Vidole vikasimama.

"Wewe ni wa Masele."

"Ndiyo, bibi."

"Mwanangu hajambo?"

Nyuma yake Sabina alikohoa. Neno lilikuwa tayari mdomoni mwa Teodora, lakini viganja vya bibi vilikuwa bado mashavuni mwake, vya moto.

"Hajambo," alisema.

Bibi alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyebishana na kijiji kizima na leo ameshinda.

"Nilijua. Wamenisumbua sana hawa. Sasa mwambie aje mwenyewe, awapelekee wajomba zako ng'ombe wao. Akishatoa, nitakuita mjukuu wangu mbele ya watu. Leo siwezi, mama. Leo wewe ni mgeni."

Sabina aliinuka akaondoka. Teodora alijua amepoteza nini, na alingoja kimuume. Hakikumuuma.

"Nitamwambia," alisema.

Bibi akamjazia karanga kiganjani, akamkaribisha kama anavyokaribishwa mgeni, naye akazipokea kwa mikono miwili.