Wavu kwenye Mguu wa Senge

Senge, ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu Lunyo, alikuwa na kidonda kwenye muundi kilichonizidi umri. Alimwagikiwa na uji wa moto akiwa msichana, na pale palipoungua hapakupona sawasawa. Pakifunga, panafunguka tena. Alikifunika kwa kitenge akaendelea na biashara ya omena, dagaa wa ziwani, akivuka mpaka pale Busia kila asubuhi kufuata wateja wa upande wa Kenya. Mguu ule ndio ulionisomesha.

Chuo kikuu kilinifundisha kutoamini haraka. Nilipopata kibarua kwenye utafiti wa saratani ya ngozi katika hospitali moja Tororo, niliingia na mashaka yangu. Watafiti nimewaona tangu utotoni: wanakuja na gari, wanachukua damu, wanaondoka, majibu hatuyaoni. Tena saratani ya ngozi si ya Wazungu? Nilimuuliza hivyo hivyo daktari wa upasuaji, siku ya kwanza kazini. Hakukasirika. Alisema kwetu mara nyingi inajificha kwenye makovu ya moto na vidonda vya miaka mingi, na utafiti wao ulikuwa wa kuvipata kabla mguu haujapotea.

Nilirudi nyumbani nikamwomba Senge afunue kitenge.

"Wewe mtoto wa kaka yangu, nilikusomesha uje kunichungulia miguu?"

Ukingo wa kidonda ulikuwa umeinuka na kukakamaa.

"Twende Tororo, Senge."

"Wakikata mguu, omena itavuka yenyewe?"

Hakuwa na hofu nyingine ila hiyo. Lakini alikwenda. Daktari alimdunga ganzi, akachukua vipande vidogo vya nyama kwenye ukingo.

"Mbona katikati hugusi?" nikauliza.

"Moto wa shambani ukitaka kujua kama bado unawaka, unatazama pembeni. Katikati ni majivu."

Majibu yalikuja, na Senge aliambiwa yeye mwenyewe, kwa Kiswahili: ni saratani, lakini haijafika kwenye mfupa. Wangekata kwa upana, kisha wafunike kwa ngozi ya paja lake. Kama ugonjwa ungebaki pembeni, au ngozi ingekataa kushika, mguu ungekuwa hatarini tena. Niliuliza itakuwaje hivi, itakuwaje vile, mpaka muuguzi akaniambia ningesomea uwakili.

"Muache aulize," Senge akasema kutoka kitandani. "Ndiyo kazi niliyomsomeshea."

Sijawahi kupewa shahada kubwa kuliko hiyo.

Siku ya kufungua bendeji baada ya upasuaji, daktari alianza na habari njema: nyama waliyoikata ilikuwa safi kwenye kingo zote, saratani yote imetoka. Ikabaki ngozi. Muuguzi alifunua taratibu, akilainisha kwa maji. Ile ngozi ya paja walikuwa wameitoboatoboa ili itanuke, na sasa ililala kwenye muundi kama wavu, rangi ya waridi. Senge aliinama, akaikagua kama anayekagua mzigo wa asubuhi.

"Wavu wenu huu macho makubwa. Omena yote itapita."

"Macho yatajifunga, mama," muuguzi akacheka. "Imeshika."

Bado sijaacha kutilia shaka utafiti. Nauliza nani anafaidika, nani anarudishiwa majibu, na wenzangu kazini wamenizoea. Lakini sokoni Senge hafuniki tena mguu. Juzi muuza mkaa alimtania, "Mama, funika, unatutia haya."

"Hii ni ngozi ya paja. Zamani aliiona mume wangu peke yake, sasa inaona Busia nzima. Na wewe hilo kovu la moto mkononi, linafunga na kufunguka? Lete nione ukingo."

Jamaa akanyoosha mkono, kicheko kimemwisha. Senge aliutazama kwa makini, akamwelekeza kwangu nimpangie siku ya kwenda Tororo, kisha akajitwika beseni na kushika njia ya mpakani. Nilimfuata na gunia lililobaki. Nilimwita anisubiri. Hakusimama.