Sijda katika Duka la Viatu

Nilikuwa Zhanxi, soko la viatu huko Uchina, nikivutana bei ya viatu na mama mwenye duka, binti yangu aliponipigia simu kutoka Marekani. Mwanawe akila karanga hata kidogo, koo huvimba na pumzi humkatika, na kinachomwokoa ni sindano ya dharura. Ilikuwa ghali hata kwa wenye bima, hivyo walikuwa nayo moja tu, ikienda na kurudi shuleni kwenye mkoba. Siku nyingine ilisahaulika nyumbani, nami huku nikishinda kwa dua.

"Baba, sheria imepita," alisema. "Kampuni za bima haziruhusiwi tena kututoza kwa sindano zaidi ya kiwango kilichowekwa. Leo nimechukua sindano ya pili. Itakaa shuleni."

Nilitandika boksi tupu sakafuni, nikaelekea kibla, nikasujudu sijda ya kushukuru. Mara nikasikia mama yule akipiga kelele kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Babu! Babu, amka! Napunguza! Napunguza!"

Nilipoinua kichwa, kikokotoo chake kilionyesha bei niliyoitaka. Moyo haukunipa kuipokea kwa njia hiyo. Nikamweleza habari za mjukuu, huku nikijishika koo ili anielewe. Akacheka mpaka akakaa juu ya maboksi.

"Babu mjanja!" akasema, akarudisha bei yake ya kwanza. Kisha akauliza mtoto anavaa namba gani. Sikujua. Nikampigia tena binti yangu, na mama yule akasubiri jibu, raba ndogo nyekundu ikiwa mkononi mwake.