Maji ya Mama Mkwe

Kila asubuhi nikimaliza kuoga, nasimama kidogo nje ya uzio wangu wa makuti ya mchikichi nisikilize maji yanavyokwenda. Yanaingia mtaroni, yanapita nyuma ya jiko, yanateremka kwenye ua wa mkwe wangu, mume wa binti yangu, kisha yanazama katika shimo la mawe kule chini. Binti yangu huniuliza nasikiliza nini. Namjibu nasikiliza redio. Mwanamke wa umri wangu ana haki ya kufurahia anachotaka, na mimi nafurahia maji machafu yanayojua njia yake.

Zamani hayakuwa na njia. Kijiji chetu kiko kando ya reli, upande wa Kibombo, na ukitoka Kindu kwa pikipiki unafika siku hiyohiyo kama mvua haijaharibu barabara. Nyumba ziko juu ya mteremko, chemchemi iko chini. Chochote tulichomwaga, maji ya kuoga, ya kuoshea majani ya muhogo ya kupikia sombe, ya kukamulia mawese, kilijitembeza uani, kikafanya tope la kuchezea bata, halafu kikateremka taratibu mpaka kwenye maji tuliyokunywa. Msimu wa mvua watoto walihara. Mjukuu wangu mdogo naye alihara mpaka macho yakazama, tukambeba kwenda zahanati huku namwomba Mungu kwa sauti njiani kama mwendawazimu. Alipona. Lakini tangu siku ile sikuwa tena na subira na tope.

Kwa hiyo wanawake waliponichagua niingie kwenye komite ya maji, sikujifanya kukataa. Nilipanda pikipiki na mwenyekiti wetu, katekista mpole anayekohoa kila anapotaka kusema jambo gumu, tukaenda Kindu kwa wafadhili. Tulikaa kwenye benchi lao mpaka benchi likatuzoea. Mwishowe walimtuma mhandisi, kijana mwenye mpira mrefu uliojaa maji. Aliushika upande mmoja, akanipa mimi upande wa pili, akapima mteremko wote kwa kuangalia maji yalivyosimama ndani ya mpira. Nilipenda kazi ile. Nilitembea nao kutwa nzima, na nikamgombeza kila aliyetaka kuugusa.

Jioni mhandisi alichora mpango chini kwa kijiti. Wafadhili wangetoa saruji, mabomba na fundi. Sisi tungetoa mawe, mchanga na mikono. Fedha zao hazikutosha shimo kwa kila nyumba, kwa hiyo nyumba za mstari mmoja zingetumia shimo moja, na nyumba moja ikikataa, mtaro unakatika. Akirudi akakuta hatuko tayari, mradi ungepelekwa kijiji kingine. Watu walipiga makofi. Hata juu ya mawe tulielewana, baada ya mimi kuwakumbusha vijana kwamba mawe ya reli hayaguswi, maana marehemu mume wangu alikuwa mtu wa reli na angefufuka.

Halafu kazi ikaanza. Mistari mingine ililundika mawe, mstari wetu haukuleta hata kokoto. Mhandisi aliporudi aliwaita watu wa upande wetu.

"Iko nini?" aliuliza. "Munataka tulipe parseli?"

Katekista alikohoa, akakohoa tena. Kijana wa watu alidhani tunagombea ardhi. Angejuaje? Hakuna aliyeweza kumwambia sababu yenyewe, kwa kuwa sababu nilikuwa mimi, na nilikuwa nimekaa palepale.

Kwetu mwanaume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa mbali. Mkwe hali chakula mbele yangu. Hanishiki mkono. Akinikuta njiani anaingia majanini mpaka nipite, na salamu yake naipata akiwa amenipa mgongo. Mahali ninapoogea ndipo kabisa, hata kupaangalia ni tusi. Sasa mpango ule ulitaka maji niliyoogea mimi yapite uani kwake, mchana kweupe, yakachanganyike na yake ndani ya shimo moja. Siku ulipochorwa, mkwe wangu aliinamisha kichwa, akachukua panga, akaenda shambani. Nilikasirika, lakini nilimwelewa. Dini hazikuwahi kutusumbua, yeye Mkristo na sisi Waislamu. Kilichotushinda ni maji ya sabuni.

Binti yangu alikuwa katikati, maskini.

"Mama, yeye akikubali, watu watasema hana adabu," aliniambia. "Weye ukikubali, watasema uzee umekuharibu."

"Na mutoto akihara tena?"

Alikwenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Siku zile nilifikiria sana miaka ya vita. Treni zilikuwa zimekoma, nyasi zilikuwa zimemea kati ya vyuma, na wenye bunduki walipoingia kijijini tulikimbilia porini na sufuria moja. Mimi nilikuwa mjane tayari. Binti yangu alikuwa na mtoto kifuani, na huyu mumewe, kijana mwembamba wakati ule, alitembea nyuma kabisa ili tusionane uso kwa uso. Porini kulikuwa na kijito kimoja, na watu wengi. Mimi ndiye niliyekigawa, kwa ukali, maana vinginevyo tungekufa: juu kuchota, katikati kuosha vyombo, chini kuoga. Hakuna mfadhili aliyetusaidia kupanga. Na kule chini palikuwa na mahali pamoja tu pa kuogea, penye mchanga. Wanawake walitangulia, wanaume wakafuata, na maji yetu yakaenda pamoja msituni. Hakuna aliyeuliza ya nani yalikuwa yapi.

Kisha ikaja homa, nikashindwa kusimama. Milio ya bunduki ilikuwa inasogea, ilibidi tuvuke mto uliofurika, na binti yangu hakuweza kubeba watu wawili. Mkwe wangu alikuja akasimama mbele yangu. Mbele kabisa. Alikuwa anatetemeka kuliko mimi mwenye homa.

"Mama," alisema, "funga macho. Miye nitaangalia maji tu."

Nilifunga. Alinibeba mgongoni, nguo zangu zimelowa, maji yakimfika kifuani, na sikufumbua macho mpaka nilipohisi majani chini yangu. Alikuwa ameshaondoka kwenda kuwaleta binti yangu na mtoto. Tuliporudi kijijini aliendelea kuingia majanini akiniona, na mimi niliendelea kupita bila kugeuka. Sikumshukuru, kwa kuwa kumshukuru kungekuwa kuitaja siku ile, na kuitaja kungemvua nguo mbele za watu. Nilimpenda mkwe wangu kama mtoto niliyemzaa, na hakuna njia niliyokuwa nayo ya kumwambia.

Mhandisi alitupa nafasi ya mwisho, mkutano mmoja shuleni, kisha angeondoka. Mkwe wangu alikuja, lakini alibaki nje ya dirisha, nikaona bega lake tu. Katekista alianza kukohoa. Nikasimama. Kwetu, ukitaka kusema na mkwe mbele za watu, unapitia kwa mtu mwingine, hata kama anakusikia vizuri.

"Prezida," nilimwambia katekista, "muambie mukwe wangu hivi. Wakati wa vita alinibeba mugongoni, akanivusha mutoni. Njo maana niko hapa. Ile maji ya pori ilituona sisi wote, na haikutuua. Leo hii maji ya sabuni njo itatuua, ama itaua watoto?"

Ningekaa chini hapo ningekuwa nimemaliza vizuri, ila mdomo wangu haujui kukaa. Nikaongeza: "Na maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga!"

Methali ya kusema mbele ya mkwe, hiyo! Wanawake waliangua kicheko, dada yangu akajifunika uso kwa kitenge, na hata lile bega dirishani nikaliona linatikisika. Nilisikia masikio yangu yakiwaka moto. Kisha sauti ikaingia kutoka nje, ya chini.

"Prezida, muambie mama, mawe ya kwanza njo yangu."

Wazee walitaka mambo yafuate utaratibu, nao walikuwa na haki. Mkwe wangu alileta kuku wa kuondoa haya, mimi nikampa mkeka mpya, na watu wakashuhudia. Mhandisi alikula paja la kuku yule na kuuliza kwa nini hatukumwambia mapema. Katekista alikohoa. Tulichimba, tulibeba mawe vichwani, tukaimba na kutukanana kidogo, na fundi akaweka mabomba kabla mvua kubwa hazijaanza.

Siku ya kujaribu, waliniambia nimwage wa kwanza, kwa kuwa nyumba yangu ndiyo ya juu. Nililijaza beseni. Mkwe wangu alikuwa amesimama chini kando ya shimo, mjukuu wangu mabegani, na alikuwa amenipa mgongo. Kuku tumemla, lakini mazoea ya miaka hayaliwi na kuku mmoja. Nikaita mwenyewe, bila kupitia kwa mtu.

"Mukwe wangu, geuka."

Hakugeuka upesi. Mabega yalipanda, yakashuka. Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu ule mto nikauona uso wake wote, umezeeka, una mvi kwenye ndevu.

"Mama," alisema, "nifunge macho?"

Nikaliinua beseni.

"Hapana," nikamwambia. "Angalia maji tu."

Nikamwaga. Aliinama juu ya shimo na mtoto mabegani, wote wawili wakisubiri.

"Inafika, mama," akasema. "Inafika."