Pancha Niliyoizua Siku ya Mazishi

Bibi mzaa baba alifariki msimu wa korosho, nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Alfajiri ileile baba alinituma Rutamba kwa baiskeli nikampe habari mdogo wa marehemu, ambaye sisi wajukuu tulimwita bibi mdogo. Biashara ya korosho ilikuwa imefunguliwa, na malori ya wanunuzi binafsi yalishuka Lindi kila adhuhuri. Kazi yangu ilikuwa kumwahisha apande moja. Mazishi yangemsubiri hadi alasiri.

Njiani kulikuwa na kilabu cha uraka, pombe ya mabibo. Nilijiambia ni kata moja tu, mikono iache kutetemeka. Tangu nimalize kidato cha nne nilijiambia hivyo kila siku, na katika duka la mjomba, nilikokuwa muuzaji, chupa yangu ya chai haikuwa na chai.

Nilifika Rutamba lori limeshaondoka. Nikamwambia bibi mdogo kwamba baba amechelewa kunituma. Kesho yake tulipofika nyumbani Mtanda, mjini Lindi, nikamwambia baba nilipata pancha mara mbili. Baba alikuwa amesubiri hadi karibu na magharibi, kisha akazika. Bibi mdogo alikwenda moja kwa moja makaburini, akamwombea dada yake, akarudi Rutamba bila kuingia ndani kwetu.

Siku ya tatu ya msiba watani walifanya yao. Mmoja wao, mama wa makamo aliyeuza vitumbua mtaani kwetu, alikuwa ameiona baiskeli yangu nje ya kilabu akirudi kutoka shamba kuja msibani. Akajifunga kanga kiunoni, akashika usukani usiokuwepo, akapepesuka mbele ya wanaume barazani.

"Jamani, pancha! Nimepata pancha!"

"Gurudumu lipi?" wakamwuliza.

"La kichwani! Linavuja mabibo!"

Watu walicheka hadi machozi. Baba alicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilijua hakuna atakayechukua maneno ya mtani msibani kuwa ushahidi.

Kwenye arobaini bibi mdogo hakuja. Alituma maneno: "Aliyeona tabu kuniita mapema asinitafute leo." Baba alidhani anamlaumu kwa kutomsubiri. Alikwenda Rutamba mara mbili kumwomba radhi, na mara zote mbili aliambiwa amelala. Mara ya pili alirudi akakaa kitandani na viatu vyake miguuni. Nilimwona. Nikaenda kunywa. Mabibo yalipokwisha nikahamia kwenye gongo.

Asubuhi moja nilishindwa kufungua kufuli la duka. Ufunguo uligonga kila mahali isipokuwa tunduni. Yule mama wa vitumbua alikuwa akipita na beseni lake. Akalitua chini, akachukua ufunguo mkononi mwangu, akafungua.

"Leo sitanii, mwanangu," alisema. "Wewe unaumwa."

Nikalia palepale mlangoni, na siku hiyohiyo nikaacha kunywa. Nyumbani walitaka kunipunga majini, kwa kuwa nilianza kumsikia marehemu akiniita. Mama wa vitumbua aligombana nao, akanipeleka zahanati. Tabibu alisema mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla huweza kuweweseka, na hata kufa. Akanipa dawa, akanikalisha pale siku kadhaa. Mama yule aliniletea uji kila asubuhi, na utani ukarudi: "Kunywa, marehemu mtarajiwa. Sanda zimepanda bei."

Nilipopata nguvu nilimweleza baba yote. Hakunipiga. Alitoka nje, na siku mbili hakuzungumza nami. Siku ya tatu nikaenda Rutamba.

Bibi mdogo alikuwa akimenya mihogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona umekonda? Umeoa nani asiyejua kupika?"

"Bibi, baba hakuchelewa kunituma. Nilitoka kwetu alfajiri. Nilikaa kilabuni."

Kisu kilisimama.

"Kwa hiyo miezi yote hii nimemnunia mtoto wa dada yangu bure?"

"Ndiyo, bibi."

"Na wewe ukanitazama tu?"

"Ndiyo."

"Toka. Kaa nje huko."

Nilikaa juani muda mrefu nikiamini nimeharibu hata kile kidogo kilichobaki. Alipotoka alikuwa amevaa buibui, kikapu mkononi. "Nipeleke kwa mwanangu," alisema. "Na usiniongeleshe njiani."

Sikumwongelesha. Sitaficha kwamba baada ya hapo nilirudia pombe mara mbili, na mara zote mbili nilirudi zahanati kwa miguu yangu. Sitaficha pia kwamba bibi mdogo hakuuona uso wa dada yake mara ya mwisho kwa sababu yangu. Mpaka leo sijui namna ya kulilipa hilo. Lakini tulipofika Mtanda jioni ile, baba alisimama barazani akashindwa kusema. Bibi mdogo akamshika mkono.

"Hata karibu hakuna?"

"Karibu, mama mdogo. Karibu ndani."

Wakaingia. Nilibaki ukutani, sijui kama nami naruhusiwa. Kifua kilikuwa chepesi ajabu, kama mtu aliyeteremshwa mzigo ambao bega lake lilikwisha kufa ganzi. Kisha nikamsikia baba akiniita kwa jina langu, kwa sauti ya kawaida tu, akisema niteke maji, bibi ana kiu.