Asia na Vyuma vya Ufukoni

Mpaka leo nikiwakumbuka wale vijana wa jimu, damu inanichemka.

Jirani yangu hapa Likombe, Asia, ni mjane wa miaka hamsini na mbili. Mumewe alimwachia mikorosho arobaini kule Ziwani. Korosho haziokotwi kwa kusimama, unachuchumaa chini ya mti kutwa nzima, na msimu uliopita magoti yalimgomea. Akichuchumaa, hainuki mpaka ashike shina. Shemeji yake, Sudi, hata pole hakumpa. Alisema, "Mwakani shamba nipe mimi, shemeji. Wewe umeshachoka." Anataka mikorosho ya mjane, tena mchana kweupe!

Mtaalamu wa viungo hospitalini alimwambia magoti yanataka misuli, akanyanyue vyuma. Jimu iko Ufukoni. Asia alifika mlangoni mara tatu, na mara zote tatu akarudi.

"Mwalimu, watanicheka," aliniambia.

Mtu amezika mume, amelea watoto wanne peke yake, leo anaogopa kicheko cha wavulana! Nilimshika mkono, tukaingia wote.

Mkufunzi, Shafii, akamwonyesha chuma kirefu. "Beba hiki, mama, halafu uchuchumae."

Asia akafungua kanga aliyojitanda, akaiviringisha ngata, akaiweka kichwani juu ya ushungi. Kwao mzigo hubebwa kichwani, angejuaje? Jimu nzima ikaangua kicheko, Shafii naye akiwemo. Mmoja akatoa simu ampige picha. Watoto wa wakulima hao! Ada zao za shule zimebebwa juu ya ngata kama ile ile, leo wanajifanya hawaijui. Nilimfokea yule wa simu mpaka akairudisha mfukoni.

Nilidhani Asia atakimbia. Akasimama pale pale, akawatazama mmoja mmoja.

"Kumbe nilichokuwa nakiogopa ndicho hiki tu?" Akaishusha ngata. "Haya mwanangu Shafii, nionyeshe ninyi mnakibeba wapi."

Shafii, aibu imemjaa, akamwekea chuma mabegani, bila kuongeza uzito wowote. Asia akashuka, akakwama, akasaidiwa kuinuka. Keshokutwa yake akarudi, na dera lake na suruali ndani. Akaenda hivyo miezi minne, mara tatu kwa wiki. Wapo waliomwambia bibi arudi jikoni. Yeye akaongeza uzito.

Oktoba korosho zilipoanza kudondoka, Sudi alitokea shambani na magunia yake matupu, hata hodi hakupiga. Akamkuta Asia amechuchumaa, ndoo ya pili inajaa. Asia akainuka, mikono yote miwili imeshika ndoo, mti hakuugusa.

"Afadhali umekuja, shemeji," akasema. "Ndoo tupu ziko pale. Vibarua wangu nawalipa jioni."