Harufu Niliyotumwa Kuitafuta

Harufu ya kaikai, pombe kali ya kienyeji, niliijua kabla sijajua kusoma. Kwetu Mudzipela, mtaa mmoja wa Bunia, jirani yetu Mama Lotsove aliipika kila siku kwa mihogo iliyochachushwa, na moshi wa pipa lake uliingia nyumbani hadi kwenye mablanketi. Baba yangu, seremala, alikuwa mteja wake wa kila jioni. Nilipokuwa na miaka tisa aliacha. Alijikata kidole kwa msumeno akiwa amelewa, akakaa nyumbani na kidonda wiki tatu bila hata tone. Watu walimpongeza, wakadhani yamekwisha. Kumbe mwili tu ndio ulioacha. Kichwa kilikuwa bado kinaikumbuka saa kumi na moja, saa ya kufunga karakana, mikono haina kazi na wenzako wanakuita kwenye benchi la Mama Lotsove.

Mama hakudhani yamekwisha. Alinipa kazi: kila jioni Baba akitokea, nimkimbilie, nimkumbatie, ninuse, kisha nimpelekee yeye habari jikoni.

"Enda umupokee baba yako," aliniambia. "Unuse muzuri. Akikunywa tena, miye na weye tunaenda Niania kwa kaka yangu. Haturudi."

Kabla ya hapo sikuwa na mazoea ya kumkumbatia Baba. Mlevi humkumbatii, unampisha njia. Kwa hiyo alishangaa, halafu akafurahi mno. Akaanza kurudi kwa barabara ya nyuma ili asipite kwa Mama Lotsove, na wenzake wakimwita aliwajibu, "Mutoto ananingojea." Kweli nilikuwa ninamngojea, kama polisi kwenye kizuizi. Nikiona tabasamu lake niliona aibu. Lakini sikuthubutu kuacha, maana niliogopa kupelekwa Niania na kumwacha peke yake.

Miezi minane nilipeleka habari ileile njema. Kisha mwenzake wa karakana akafariki. Kwenye matanga siku hizo kikombe cha pombe kilizunguka kwa wanaume wote, na aliyekikataa alianza kutazamwa vibaya: alikuwa na nini na marehemu? Baba alikwenda. Aliporudi jua lilikuwa bado juu. Alisimama mlangoni bila kutabasamu, uso ameugeuza pembeni. Nilimkimbilia kama kawaida, na harufu ikanipokea kabla sijamfikia. Nilimkumbatia hivyohivyo, nikakawia, kichwa changu kifuani pake, hadi akaanza kulia. Nilipoingia jikoni Mama aliacha kusonga bugali.

"Iko ananuka?"

"Hapana, Mama."

Ulikuwa uongo wangu wa kwanza mkubwa. Mama alinitazama kwa muda, mwiko mkononi, kisha akaendelea kusonga. Hakwenda kumnusa mwenyewe. Nadhani alijua, na nadhani yeye pia alikuwa hataki kufunga mizigo.

Baba hakunywa tena. Zamani tulihangaika wenyewe, hatukuwa na wa kumuuliza. Siku hizi hapa Bunia kuna washauri, kuna hata kikundi cha wanaoacha pombe kinachokutana mtaa wa Ngezi, na mume akijaribu kuacha, mke anafundishwa asimfanye mtoto kuwa mpelelezi. Ninafurahi wanafundishwa hivyo. Baba, mzee sasa, huenda pale kila Jumamosi kuzungumza na wanaume walioacha juzi na wanaotetemeka wakipita penye benchi. Wakimuuliza alitumia dawa gani, jibu lake ni lilelile.

"Siku ile nilikuwa nanuka pombe, lakini mutoto wangu hakunikimbia. Alinishika, akakawia. Nikajua ata nikianguka, niko mutu wa kupendwa."

Nimemsikia mara nyingi, nikiwa nimekaa nyuma, na nimeona wanaume wazima wakifuta macho. Mmoja alinifuata mlangoni kunishukuru.

Ninampenda Baba, na siku hizi ninamkumbatia bila kutumwa na mtu. Lakini sijawahi kumwambia kwamba siku ile sikukawia kifuani pake kwa mapenzi. Nilikuwa ninatafuta uongo wa kumwambia Mama.